Sonara Aliyepinda Ulanga

Karakana ya Mahira Mbarak haina kibao. Mgeni akifika Mji wa Kale wa Mombasa akamuulizia sonara mwanamke, mtu yeyote atamwelekeza: pita msikiti, ingia kichochoro cha mkono wa kushoto, fuata mlio wa nyundo. Ukiusikia umekwisha fika, maana wengine karibu wote mtaani wamehamia kuuza vito vilivyotengenezwa kwa mashine, na wenye kufua kwa mkono wao wenyewe hawafiki hata watatu.

Mahira ana miaka arubaini na tisa. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana kwa sababu ya kuvuta uzi, na vidole ambavyo mumewe, Faraj, fundi wa injini kule Feri, husema vimekopwa kwa mtu mwingine, kwa jinsi vilivyo vyembamba. Kazi aliipata kwa baba yake. Mahira alipokuwa kidato cha pili, macho ya mzee Mbarak yaliingia ukungu, akawa haoni tena alama ndogo za vipimo. Msichana akaanza kumsomea. Kisha akawa anamshikia. Kisha asubuhi moja baba akamkabidhi koleo na lile bamba la chuma lenye matundu, makubwa upande huu na madogo kama ncha ya sindano upande ule, akamwambia, "Vuta. Usivute kwa mkono, vuta kwa kiuno. Mkono huchoka ukaanza kusema uwongo."

Baba alipofariki, ami yake Mahira alikuja na mtu wa kununua vyombo. Alisema, bila ubaya, kwamba hajapata kuona mwanamke akifua fedha na kwamba wateja hawatakuja. Mahira hakubishana naye. Alimvutia kiti, akapasha kipande cha fedha, akakipitisha tundu baada ya tundu mbele ya macho yake mpaka kikawa uzi, akaufuma uzi ule ukawa mkufu. Adhuhuri haijaadhiniwa, ami akainuka, akamwambia mnunuzi, "Twende zetu, bwana. Hapa hapauzwi kitu." Tangu siku hiyo miaka ishirini na mbili imepita, na maharusi wa Mji wa Kale wasiovaa vikuku vya Mahira ni wachache.

Basi mwaka jana, mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, alibisha hodi mwanamke kijana aliyekumbatia mtungi wa kioo kama aliyebeba mtoto.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu, kaa kitako."

Aliitwa Ndinda Mumo. Babake alitoka Ukambani kuja kufanya kazi ya reli, naye Ndinda akazaliwa na kulelewa Makupa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa hasa. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha papa hapa kisiwani. Alitaka uzi wa fedha, mwembamba kama unywele, wa urefu wa pima moja.

"Unywele wa nani?" Mahira akauliza. "Wangu au wa mtoto mchanga?"

Ndinda akacheka. "Wa mtoto mchanga, ikiwezekana. Na uwe na nguvu, usikatike-katike."

"Utavaliwa wapi uzi kama huo?"

"Hauvaliwi, mama. Wa kupitishia stima, umeme."

Mahira akaweka nyundo chini. Katika maisha yake alikuwa ameombwa mambo mengi, lakini hilo lilikuwa jipya. Akamwambia mgeni afungue mtungi aone kilichomo.

Ndinda alisita kidogo. Alieleza kwamba kilichomo hakipendi hewa ya Mombasa; unyevu wa bahari hukiharibu, ndiyo maana ndani ya mtungi mlikuwa na punje za kukausha. Angeweza kukitoa kwa dakika chache tu. Akakitoa kwa kibano: kipande cha ulanga, lile jiwe la kung'aa linalobanduka ngozi juu ya ngozi, kimebanduliwa hadi kikawa chembamba kuliko karatasi ya msahafu. Juu yake palikuwa na utando mweusi, laini, kama masizi yaliyopigwa rangi.

"Huu weusi ndio wenyewe," alisema Ndinda. "Ni oksidi ya kobalti. Imejipanga tabaka tabaka. Chukulia mikate ya kusukuma imepangwa kwenye sahani, na baina ya mkate na mkate umenyunyiza unga. Mikate ni kobalti na oksijeni. Unga ni sodiamu, iliyomo kwenye chumvi. Stima hupita ndani ya mkate, huku na huku, lakini kuruka kutoka mkate mmoja hadi mwingine ni taabu."

"Na wewe wataka kujua nini?"

"Nataka kujua nikiuvuta mkate ule, ukanyooka kidogo tu, sehemu moja katika elfu, stima itapita vipi. Au nikiubana."

Kuvuta Mahira alikujua. Alijua kwamba fedha iliyovutwa si ile fedha iliyoingia tunduni. Hutoka ngumu, yenye kiburi, na usipoipasha moto hukatika. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna watu wanaokaa vyuoni wakijiuliza swali hilohilo juu ya masizi.

"Utauvutaje, na mwembamba hivi?"

"Naupinda, mama. Ukipinda ulanga kwa nje, utando wa juu unavutika. Ukiupinda kwa ndani, unabanwa. Kadiri unavyopinda kwenye kitu chembamba ndivyo mvuto unavyozidi."

"Wapinda juu ya nini?"

Ndinda akaona haya. "Juu ya kalamu. Na chupa ya dawa ya kikohozi."

Hapo Mahira alicheka mpaka akafuta macho. Akaondoka kitini, akaleta ile fimbo ya chuma ya kupimia pete, nene chini, nyembamba juu, yenye alama za saizi. "Mwanangu, pete haikubali kubahatisha. Saizi ikikosea kidogo tu, bibi harusi hulia. Hii imechongoka, haikufai wewe, lakini nitakutengenezea vyuma sita vya mviringo, kila kimoja na unene wake, vilivyonyooka juu mpaka chini. Kipime kwa chombo chochote ulicho nacho. Ukikuta kimekosea, nirudishie."

Kazi ile ilimchukua siku nne, katikati ya kazi za watu. Vyuma alivikereza, akavisugua kwa msasa, kisha kwa unga wa chokaa, hata vikawa kama vioo. Uzi ndio uliomtoa jasho. Aliupitisha tundu la mwisho, lile ambalo babake hakuwa amelitumia ila mara mbili maishani, ukakatika. Akaanza upya. Ukakatika tena. Mara ya tatu ulitoka mzima, na alipouweka kwenye kiganja hakuuhisi. Ilibidi autazame ili ajue kwamba upo. Ndinda alipokuja kuuchukua alisema hajaona kitu kizuri kama hicho, na Mahira akaona ni kweli.

Wiki mbili zikapita kimya. Kisha Ndinda akarudi. Safari hii hakukumbatia mtungi, na alikaa kitako kabla ya kukaribishwa.

"Mama, imekataa."

Alieleza yaliyotokea. Alikuwa amegandisha nyuzi nne za Mahira juu ya utando kwa gundi ya unga wa fedha, mbili za kupitisha stima, mbili za kupimia. Akaupinda ulanga kwenye chuma kinene. Ukinzani, yaani ule ubishi wa kitu dhidi ya stima, ukapanda kama alivyotarajia. Lakini alipouachia ulanga ukanyooka, ukinzani haukurudi ulipokuwa. Akaupinda tena, ukapanda zaidi. Akaupinda kwa ndani, pale ambapo ulipaswa kushuka, nao pia ukapanda. Mkuu wa idara yake, mtu mzoefu na wala si mbaya, alikuja akatazama tarakimu, akasema utando umepasuka, basi, na kila akiupinda nyufa zinaongezeka. Wageni kutoka vyuo vingine walikuwa wanakuja Alhamisi ya wiki iliyofuata kuangalia kazi za idara. Alimshauri aiondoe yake kwenye orodha.

"Nawe waonaje?" Mahira akauliza. "Umepasuka?"

"Nimetazama kwa hadubini. Sioni ufa hata mmoja."

"Basi kesho nitakuja nitazame mwenyewe."

"Wewe, mama?"

"Nyuzi ni zangu. Vyuma ni vyangu. Kwa nini nisije?"

Kesho yake alivaa buibui lake zuri, akatia kibano na kile kioo chake cha jichoni cha kukuzia mkobani, akapanda tuktuk mpaka chuoni. Chumba cha kazi cha Ndinda kilikuwa kidogo kuliko karakana yake na baridi kuliko soko la samaki lenye barafu. Ndinda alitoa kipande kimoja mtungini, akakiweka mezani, akaunganisha waya. Mahira akatia kioo jichoni, akainama.

Hakutazama weusi. Mambo ya kobalti aliyaachia wenyewe. Alitazama nyuzi zake mahali zilipoingia kwenye gundi. Kisha akamwambia Ndinda aupinde ulanga taratibu, naye macho yake hayakubanduka pale. Ulanga ulipopinda, uzi haukupinda nao. Ulisimama kama mguu wa panzi, ukainua ukingo wa gundi, kidogo sana, kiasi cha kope. Ulanga uliponyooka uzi ukarudi, ila gundi haikushika tena kama mwanzo. Akaugusa uzi kwa ncha ya kibano. Ukaruka.

Mahira alijiinua, akatoa kioo jichoni. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu chumbani mle, wala katika chuo kizima, ambaye angejua.

"Ndinda, mwanangu, kosa si lako wala si la mkate wako. Ni langu."

"Vipi, mama?"

"Uliniambia uzi uwe na nguvu. Nikakupa kama ulivyotoka tunduni, mkavu, umekakamaa. Fedha ikivutwa hukakamaa. Huu ni kama kamani ya saa. Kila ukiupinda ulanga, uzi wangu wapigana na gundi yako. Wewe wapima ugomvi wao, hupimi kobalti. Ningekuuliza unakwenda kufanya kazi gani, ningeupasha ukalegea. Nilifurahia wembamba wake, nikasahau kuuliza."

Ndinda alimtazama, kisha akaitazama ile meza, kisha akakaa chini akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nazitukana atomu."

Kulegeza uzi kama ule si jambo la mchezo. Uzi wa kawaida huupitishia moto ukauona unaiva wekundu wa mbali. Huu, ukiuonyesha moto, huyeyuka kabla hujapepesa. Mahira alirudi karakanani, akauviringa wote ukawa kishungi kimoja kidogo, akakitia ndani ya kikopo cha shaba, akakifunika, akakiweka juu ya makaa. Hakupuliza. Alifunga mlango mmoja wa dirisha ili aione rangi ya kikopo vizuri, akakaa nacho kama mtu anayemngojea mgonjwa. Kikopo kilipofika rangi aliyoitaka, akakiondoa, akaacha kipoe chenyewe. Alipoufungua uzi na kuuninginiza kidoleni, ulianguka chini laini, kama unywele uliooshwa. Na safari hii, kila kipande alikizungusha kwenye sindano akakifanya kitanzi kimoja katikati, ili ulanga ukivuta uzi uwe na akiba ya kutoa.

Siku iliyofuata nyuzi aliziweka yeye mwenyewe kwa kibano chake. Ndinda alishika kalamu. Mashine ya kupimia ukinzani ikaandika 412.

Mahira akauzungusha ulanga kwenye chuma kinene, utando ukiwa nje. 416. Akauachia. 412.

Akachukua chuma chembamba zaidi. 420. Akauachia. 412. Akaugeuza, utando ukawa ndani, umebanwa. 408. Akauachia, na wote wawili wakainamia kile kidirisha cha tarakimu mpaka vichwa vyao vikagongana.

412.

"Tena," alisema Ndinda, kwa sauti ndogo.

Walifanya hivyo mara ishirini. Wakavuta, wakabana, wakaachia, na ile mashine ikapanda, ikashuka, ikarudi, bila kukosea. Baada ya mara ya ishirini Ndinda alitaka kumkumbatia, lakini Mahira alikuwa bado amekunja uso.

"Yule mkubwa wako atasema nini? Atasema kila kitu ukikivuta huwa chembamba na kirefu, kwa hiyo stima hupata taabu. Hata fedha yangu."

"Ni kweli, lakini hiyo ni kidogo sana. Hii yetu ni zaidi, mara tano hivi. Hii ni ya ndani ya mkate, mama. Atomu zikisogeleana au zikitengana, njia zenyewe za stima zinabadilika."

"Wewe wajua. Yeye hajaona. Nitafua fedha iwe jani, niilaze juu ya ulanga mtupu, tuipinde kwenye vyuma hivihivi kwa nyuzi hizihizi. Azione zote mbili."

Ndinda alikuwa amesoma miaka tisa baada ya shule ya sekondari, na sasa sonara wa Mji wa Kale alikuwa amemkumbusha jambo ambalo yeye huwafundisha wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza: kitu kipya hupimwa kando ya kinachojulikana. "Lete hilo jani," alisema.

Wakalipima. Fedha ilipopindwa ilisogea kiduchu tu. Oksidi ya kobalti, kwenye chuma kilekile, ilisogea mara tano zaidi. Ndinda alichora mistari miwili kwenye karatasi moja, mmoja umelala, mwingine umepanda mlima, akampelekea mkuu wa idara. Mkuu akaitazama, akauliza nani aliyetoa wazo la jani la fedha.

Alhamisi ilifika. Ukumbi ulijaa wageni, na Mahira alikaa safu ya nyuma kabisa akiwa na mkoba wake mapajani. Alikuwa amekuja kutazama tu. Lakini Ndinda alipofika mahali pa kuonyesha, alisimama akasema, "Kuna mtu mmoja tu kisiwani anayeweza kupinda kitu hiki mara mia bila kukivunja. Namwomba Bi Mahira Mbarak aje mbele."

Alikwenda. Akakishika kile chuma chake. Hapo ikawa kazi kama kazi nyingine. Akapinda. Tarakimu zilizokuzwa ukutani zikapanda. Akaachia, zikashuka. Watu walitazama ukuta, kisha wakatazama vidole vyake, kisha ukuta tena. Akaugeuza ulanga, akabana, zikashuka chini ya pale zilipoanzia, na mtu fulani katikati ya ukumbi akasema "Aa!" kama aliyepata goli.

Mgeni mmoja, profesa mwenye mvi aliyeitwa Truphosa, aliyetoka chuo cha bara, akainua mkono. "Nina swali kwa aliyetengeneza nyuzi. Bi Mahira, ulisomea wapi?"

"Kwa babangu," Mahira akajibu. "Karakanani. Hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwetu."

Watu wakacheka, lakini profesa hakucheka. "Nasi tumejaribu jambo hili," alisema, "kwa nyuzi tulizoagiza ng'ambo. Nasi tarakimu zetu hazikurudi. Tuliamini utando umepasuka, tukaacha. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwenu?"

"Ilikuwa hivyo. Mara ya kwanza niliwapa uzi usiopashwa moto. Nilikosea. Tena ninyi msiilaumu oksidi. Ulegezeni uzi kwanza, muutie kitanzi, ndipo muulize."

Profesa Truphosa aliandika. Mahira alimwona kwa macho yake akiandika, neno baada ya neno, na akauinua uso wake kidogo. Mkuu wa idara, aliyekaa safu ya mbele, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Taarifa ya kazi ile ilipotoka, majina yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la Mahira Mbarak, sonara, Mji wa Kale, Mombasa. Ndinda aliileta imechapwa kwenye karatasi nzito. Faraj aliisoma yote, ingawa hakufahamu zaidi ya robo, akaenda nayo Feri siku iyo hiyo, na ilirudi jioni ina alama za vidole vya mafuta ya injini kila ukurasa.

Siku hizi kila Jumatano Mahira huenda chuoni. Wanafunzi wanane, watano wao wasichana, hujifunza kwake kuvuta uzi na kuulegeza. Chuo cha profesa Truphosa nacho kimeagiza pima tatu. Siku nyingine zote yuko karakanani na vikuku vya watu.

Jirani yake Lamis, anayeshona buibui nyumba ya pili, alimsimamisha kibarazani juma lililopita. "Hebu nieleze kwa Kiswahili cha watu. Mwapinda nini huko?"

Mahira alimweleza. Alimweleza mikate, unga na chumvi, na jinsi stima inavyopata taabu mikate ikivutwa na nafuu ikibanwa. Lamis alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yafaa nini hiyo?"

"Ndinda asema siku moja huenda ikawekwa kwenye nguzo za daraja au mbawa za ndege, iwaambie watu kwamba hapa pamechoka, papindika. Huenda. Bado hatujafika huko."

"Hatujafika," Lamis akarudia. "Wewe na nani?"

"Mimi na wenzangu wa chuoni," alisema Mahira, akaingia ndani kuwasha makaa.